Umeachiwa kobe nyumbani? Soma kwanza kabla hujamfunga, hujamlisha wali au hujamtupa mtoni

Mvua za masika zilipokuwa zinaelekea ukingoni tulipata ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja wa Lipangalala, hapa Ifakara. Mpangaji wake alipata uhamisho wa kikazi, akafungasha vyombo, akaondoka. Nyuma ya nyumba aliacha ndoo iliyopasuka, godoro la zamani na kobe mmoja aliyefungwa kamba kwenye mwembe. Kamba yenyewe ilipitishwa kwenye tundu lililotobolewa ukingoni mwa gamba.

Mama huyo aliuliza mambo matatu. Kobe anakula nini? Je, ni kosa kuwa naye? Na la mwisho, je, wanawe wamchukue wakamtupe mto Lumemo ili arudi kwao?

Swali la tatu ndilo lililotushtua, kwa sababu kobe huyo angekufa ndani ya dakika chache. Tulimjibu haraka kwa simu, halafu tukalisoma swali lake hewani. Siku hiyo simu za studio hazikupumzika. Kumbe walioachiwa kobe, waliookota kobe shambani na walioletewa kobe na watoto ni wengi kuliko tulivyodhani. Ndiyo maana tumeandika makala hii, ili uihifadhi kwenye simu yako.

Kwanza mtazame miguu

Kwa Kiswahili tunasema kobe kwa wanyama wa aina zaidi ya moja, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Wa baharini tunamwita kasa, na huyo hafiki huku bondeni. Kwetu kuna kobe wa nchi kavu na kobe wa majini, na tofauti yao utaiona kwenye miguu.

Kobe wa nchi kavu ana miguu minene iliyosimama kama ya tembo, yenye magamba magumu mbele, na mgongo wake umeinuka kama bakuli lililofunikwa. Huyu hajui kuogelea. Ukimtumbukiza mtoni anazama, anahangaika, anakufa. Kobe wa majini ana gamba lililolala zaidi, kucha ndefu na ngozi kati ya vidole kama bata. Akiogopa, shingo yake huikunja upande chini ya gamba badala ya kuirudisha ndani moja kwa moja. Baadhi yao hutoa harufu mbaya ukiwashika. Hao ndio mnaowakuta kwenye majaruba ya mpunga na madimbwi, na wakati wa kiangazi baadhi yao hujichimbia kwenye tope wakangoja mvua.

Kobe wa nchi kavu wanaokutwa zaidi majumbani ni wa aina mbili. Yupo yule mkubwa mwenye madoadoa meusi kwenye gamba la rangi ya njano au kahawia, kama ngozi ya chui. Akikomaa anaweza kupita kilo 10, na huweza kuishi zaidi ya miaka 50. Yupo na mdogo, mara nyingi wa sentimita 20 hivi, ambaye sehemu ya nyuma ya gamba lake la mgongoni ina bawaba. Akitishwa huishusha sehemu hiyo kama mlango, akaficha miguu ya nyuma na mkia. Watoto wakiona hivyo hudhani gamba limevunjika. Halijavunjika, ndivyo alivyoumbwa.

Huko Marekani nako wana kobe wao mdogo wa msituni ambaye bawaba yake iko tumboni, naye hujifunga mbele na nyuma kama sanduku. Watu humfuga kwa wingi, wakichoka humtelekeza. Wanaowahudumia kobe hao wanakutana na shida ambayo hata sisi inatuhusu. Kobe huyo ana eneo lake dogo analolijua tangu utotoni, na ukimpeleka mbali hutangatanga akilitafuta, akavuka barabara mpaka akagongwa. Kwa hiyo kumwachia kobe kwenye kichaka chochote ukidhani umemsaidia si lazima iwe msaada.

Ukimkuta njiani si wa kuokota

Tuseme hili mapema, maana simu nyingi zilihusu hilo. Kobe anayevuka barabara ya Kidatu au ya Mahenge hajapotea. Ana safari yake. Kama ni salama kwako kusimama, mwinue taratibu kwa mikono miwili, mvushe upande ule aliokuwa anaelekea, mweke chini kwenye majani, endelea na safari yako. Ukimrudisha alikotoka atageuka aanze upya kuvuka.

Tunasema taratibu kwa sababu moja ambayo wengi hawaijui. Kobe wa nchi kavu huhifadhi maji kwenye kibofu kwa ajili ya siku za ukame. Akishtushwa huyamwaga yote. Watoto hucheka wakisema amekojoa, lakini mwezi wa tisa, ambapo hakuna dimbwi karibu, huenda amemwaga akiba yake ya wiki nyingi. Usimwinue bila sababu.

Sheria inasemaje

Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma chini ya Serikali. Kobe naye yumo, hata kama amezaliwa nyuma ya choo chako. Kumiliki mnyamapori, kumuuza au kumsafirisha kunahitaji kibali. Gamba tupu la kobe lililotundikwa ukutani, au lile linalochotea mganga dawa, nalo huhesabika kama nyara ya Serikali. Kesi za nyara mara nyingi hufunguliwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, na huko si mahali pa kujifunzia.

Wahenga walisema mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Mama wa Lipangalala hakumkamata kobe wala hakumtoboa, lakini siku ukaguzi ukipita, kobe atakutwa kwake na si kwa mpangaji aliyeondoka. Kinga yake ni kutoa taarifa mapema. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, eleza lini na wapi umempata, omba iandikwe. Hapo itapelekwa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yako, iwe ya Mji wa Ifakara, Mlimba, Ulanga au Malinyi, au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA, ambayo makao yake makuu yako Morogoro. Piga picha ya kobe siku uliyompata. Kama mwenyekiti au jirani ameshuhudia, mtaje.

Tunajua mtakachosema: ofisi ziko mbali, na ukienda unaambiwa njoo kesho. Hata sisi tulipomfuatilia afisa mmoja tulizungushwa siku mbili. Nenda hivyo hivyo. Jina lako likiwa kwenye daftari la mtendaji, wewe ni mtoa taarifa, na hiyo ni tofauti kubwa na kuwa mtuhumiwa.

Jambo jingine ni wanunuzi. Mtu akija na pikipiki akikwambia ana mteja wa kobe Dar es Salaam au nje ya nchi, mkatae. Mwezi Machi 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Yule kobe mwenye gamba bapa kama chapati, anayeishi kwenye nyufa za miamba huko Dodoma, Singida na Manyara, amewindwa sana kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo, naye kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja. Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa CITES zilimweka kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi, ambayo hairuhusu biashara ya kimataifa ya kobe waliotolewa porini.

Kule Kisiwa cha Changuu, Unguja, kobe wakubwa walioletwa kama zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919 walizaliana vizuri kwa miaka mingi, kisha wizi ukawapunguza mpaka ilipofika 1996 wakabaki 7. Waliopo leo wanaangaliwa kwa ulinzi. Kisiwa kizima kimezungukwa na bahari, na bado waliibwa.

Wakati unasubiri afisa

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu kati ya kutoa taarifa na kobe kuchukuliwa zinaweza kupita siku kadhaa, au wiki.

Fungua kamba. Gamba la kobe si kama kucha wala si kama kifuu cha nazi. Ni mfupa ulio hai, umeungana na mbavu na uti wa mgongo, una damu na una hisia. Kulitoboa ni kama kumtoboa mtu mbavu. Tundu huoza, huingia funza, na kobe akivuta kamba siku nzima ukingo wa gamba hupasuka. Baadhi yenu mmetuambia kwamba kutoboa ni kawaida tangu enzi za babu. Ni kweli ni kawaida. Inamuumiza pia.

Badala ya kamba, mjengee uzio mdogo wa matofali au mbao, wenye urefu wa kufika magotini. Usitumie wavu, maana akiona upande wa pili atasukuma kutwa nzima mpaka pua itoke damu. Hakikisha nusu ya eneo ina kivuli cha kudumu. Jua la saa saba la bonde hili humuua kobe asiye na pa kujificha, na wengi wanaotelekezwa hufa kwa joto kabla ya njaa. Weka nyasi kavu au boksi lililofunikwa upande mmoja ili apate pa kuingia. Usiku funika juu kwa sababu ya mbwa na nguchiro. Angalia na siafu. Siafu wakimkuta kobe kwenye uzio hana pa kukimbilia, watamla akiwa hai. Wakionekana wanatembea karibu, mhamishie ndani hata kama ni usiku wa manane.

Maji mpe kwenye sahani pana au mfuniko wa ndoo, yasizidi kimo cha kidevu chake. Kobe aliyekaa muda mrefu bila huduma huwa amekauka. Mweke kwenye beseni la maji yasiyo baridi, yafike chini ya kidevu, kwa dakika 15 hadi 20, ukiwa umesimama hapo hapo. Mara nyingi atakunywa sana, atakojoa na kujisaidia. Rudia kila siku kwa siku chache za mwanzo. Beseni hilo liwe lake peke yake.

Sasa chakula. Mama wa Lipangalala alikuwa akimpa wali na dagaa, kwa moyo mwema kabisa. Yule mkubwa wa madoadoa ni mla majani. Mpe ukoka, majani ya kunde, matembele, majani na maua ya boga, mashona nguo, na mchicha kidogo kidogo usiwe wa kila siku. Wali, ugali, mkate, maziwa na nyama havimfai. Kobe mdogo anayelishwa vyakula vizito hukua haraka kupita kiasi, gamba likatoka vilima vilima na figo zikaharibika. Hutaona leo wala kesho, ni baada ya miaka. Yule mdogo mwenye bawaba ni tofauti. Huyo porini hula uyoga, matunda yaliyoanguka, konokono, jongoo na wadudu pamoja na majani, kwa hiyo kipande cha papai au embe na konokono wawili watatu kwake ni sikukuu. Wote wawili wanahitaji chokaa ya kujenga gamba. Chemsha maganda ya mayai, yakaushe, yasage, nyunyiza kidogo kwenye majani.

Onyo moja kwa wakulima wa mpunga na miwa: usimkatie majani kwenye shamba au mtaro uliopuliziwa dawa ya magugu au ya wadudu. Kama hujui limepuliziwa lini, kata kwingine.

Akiwa ameumia

Kobe wengi wanaoletwa majumbani wamekatwa na panga wakati wa kufyeka, au wameungua wakati wa kuchoma mashamba. Kidonda kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi kidogo, kisha paka aidini iliyopunguzwa kwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi. Mweke ndani ya boksi lenye kitambaa safi ili nzi wasitage. Usipake oili chafu, rangi ya mafuta, vanishi wala gundi, na ufa wa gamba usiuzibe kwa saruji. Tumeoneshwa picha ya kobe aliyezibwa kwa saruji. Uchafu ulibaki ndani.

Akitoa mapovu puani, macho yakivimba, akipumua mdomo wazi, au gamba la kobe mkubwa likibonyea ukiligusa, huyo ni mgonjwa. Afisa mifugo wa kata anaweza kumtazama, na Morogoro kuna chuo cha tiba ya wanyama pale Sokoine, SUA.

Na tafadhali mwambie afisa mifugo yeyote kabla hajashika sindano: kobe hapigwi ivamektini. Ile dawa ya minyoo na kupe ambayo mfugaji wa bonde hili anayo nyumbani, inayomsaidia ng'ombe na mbuzi, kwa kobe ni sumu. Hupooza misuli, akashindwa kupumua, akafa. Kupe wake waondoe kwa kibano kimoja kimoja, uwatie kwenye maji ya sabuni au uwachome.

Hao kupe si wa kupuuza. Baadhi ya kupe wa kobe wanaweza kubeba ugonjwa wa maji moyo, ule unaoua ng'ombe na mbuzi. Mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingiza kobe wa madoadoa na baadhi ya jamaa zake kutoka Afrika kwa hofu hiyo hiyo. Kama una zizi, uzio wa kobe uwe mbali nalo.

Watoto na mikono

Kobe mwenye afya kabisa anaweza kuwa na vijidudu vya salmonela tumboni, na huvisambaza kwa kinyesi na gamba lake bila yeye kuumwa. Mtu akivipata huharisha, hutapika na kupata homa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito, mzee, au mtu mwenye kinga dhaifu, inaweza kuwa hatari. Mwaka 1975 Marekani ilizuia kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wanawaweka mdomoni.

Hatusemi mtoto asimtazame. Amtazame, amletee majani, kisha anawe mikono kwa sabuni. Kobe asiingie jikoni, asioshwe kwenye sufuria wala kwenye karo la vyombo.

Kuna waliouliza kama analiwa. Jibu la sheria tumeshalitoa. Wapo pia wanaochanganya na kasa wa baharini, ambaye nyama yake wakati mwingine huwa na sumu isiyoondoka hata ukiipika. Machi 2024 watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki Kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kuila.

Amekufa au amelala?

Kijana mmoja wa Mang'ula alitupigia akiwa ameshachimba shimo la kumzika kobe wake. Hakula wiki tatu, hatembei, kichwa ndani. Tulimwomba amguse mguu wa nyuma kwa kijiti laini. Mguu ukavutwa ndani. Kiangazi kikali kobe wetu wengi hujificha chini ya majani au kwenye mashimo, wakapunguza kila kitu, kula na hata kupumua. Kama hanuki, macho hayajazama na mguu unajibu, mwache kivulini na maji karibu. Mvua zikianza ataamka. Akiwa amelala chali, mgeuze taratibu, maana akibaki hivyo juani hufa.

Je, mwishowe aachiwe porini?

Kama ulimuokota leo na unajua mahali hasa ulipomtoa, mrudishe pale pale leo hii. Aliyekaa nyumbani miezi au miaka ni jambo jingine. Huenda alitoka mkoa mwingine, huenda ana mafua ya kobe anayoweza kuwaambukiza wenzake wa Udzungwa au Magombera, na huenda ameshazoea kungoja chakula. Uamuzi huo waachie watu wa wanyamapori. Wanaweza kumkagua, wakampeleka kwenye eneo linalofaa au kituo kinachotunza wanyama.

Kobe wa Lipangalala alikuwa wa madoadoa, jike. Baada ya kutolewa kamba alikaa siku 11 kwenye uzio wa matofali yaliyobaki wakati wa kujenga choo. Siku mbili za kwanza hakula, ya tatu akaanza na maua ya boga. Mtendaji wa mtaa aliandika taarifa, na afisa wanyamapori alipofika alimpima, akakagua tundu, akaondoka naye kwenye boksi lenye nyasi. Mama hakuulizwa swali lolote la kumtia hofu. Aliulizwa tu jina la mpangaji na alikohamia.

Ukiwa na kobe aliyeachwa kwako na umekwama, tutumie ujumbe ukitaja kijiji, kata na hali yake, pamoja na picha moja ya miguu. Hatumchukui sisi, lakini tutakusaidia kumfikia afisa wa eneo lako.